Je, Cyangugu ni Mwisho wa Nchi?



Muhula uliopita tulifanya mjadala katika ukumbi wa chakula. Neno la kujadiliwa lilikuwa hili: "Nchi ndogo isiyo na bahari haiwezi kutajirika." Mimi nalikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kukubali. Nalisema kwa sauti kubwa, nikataja hesabu nyingi, na kura zilipohesabiwa upande wetu ukashinda. Wenzangu walinibeba juu juu mpaka bwenini. Basi leo naomba nafasi katika gazeti letu niseme kwamba nalishinda lakini nalikosea, na wale walionipigia kura niliwapoteza njia.

Hesabu nilizotaja zilikuwa za kweli, wala sizikani. Rwanda ina kilomita za mraba 26,338 tu. Mkoa mmoja wa Tanzania, Tabora, ni mkubwa kuliko nchi yetu nzima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13, yaani watu 503 katika kila kilomita ya mraba. Mashamba yanagawanywa baba hata mwana, na mwana akigawia wanawe, kila mmoja hupata kipande ambacho mbuzi akilala hujaa.

Tena bahari iko mbali. Kutoka Kigali hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,500, na hadi Mombasa karibu 1,700. Reli hatuna. Petroli, mbolea, chumvi na vyuma vyote vinapanda milima juu ya malori. Na mtu wa Kigali akilalamika kuwa bahari iko mbali, sisi wa Cyangugu tusemeje? Mizigo ikifika Kigali bado ina safari ya kupita Muhanga, Huye na Nyamagabe, kisha kuingia msitu wa Nyungwe, ambao una zaidi ya kilomita za mraba 1,000 za miti, ukungu na kona. Basi huchukua karibu saa sita. Njia ya pili ni ile inayofuata ziwa kwa Karongi. Ni nzuri na ya lami, lakini yapita katika mabega ya milima, na mvua zikizidi udongo huporomoka. Hatujasahau Mei 2023, mafuriko na maporomoko yalipoua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Kwa hiyo kila mfuko wa mbolea unaofika kwetu umelipa nauli kama abiria, na mkulima ndiye anayeirudisha nauli hiyo.

Hayo ndiyo niliyosema nikapigiwa makofi. Kosa langu lilikuwa moja. Nalisimama Kigali nikaitazama Cyangugu. Sikusimama Cyangugu kwenyewe nikatazama pande zote.

Siku chache baada ya mjadala mwalimu wetu wa jiografia alitueleza habari ya Ziwa Kivu. Alisema kwamba zamani sana, kabla ya watu kuandika, maji ya bonde hili yalikuwa yakienda kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile. Kisha milima ya Virunga ikatapika moto, mawe yaliyoyeyuka yakaziba njia. Maji yakakosa pa kwenda, yakapanda, yakapanda zaidi, mpaka yakapata mahali palipo chini kuliko pengine, yakafungua mlango. Mlango huo ni hapa petu, kati ya Cyangugu na Bukavu. Ndio mwanzo wa mto Rusizi. Tangu siku hizo maji ya Kivu hushuka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika, kisha hupita mto Lukuga hadi mto Kongo na bahari ya Atlantiki.

Nilipokuwa nikiandika maneno hayo katika daftari niliona haya. Mimi niliyesema hatuna njia ya bahari, nalikuwa nimeketi darasani, na dirishani naliona maji yaendayo baharini. Sisemi kwamba mashua yaweza kupita humo; haiwezi, maana mto una maporomoko. Lakini nilianza kujiuliza ni mambo gani mengine yaliyo mbele ya macho yangu ambayo sikuyahesabu.

Basi tuyahesabu sasa. Kutoka Kamembe mtu hushuka mtoni kwa miguu, akavuka daraja, akawa Bukavu, mji unaokisiwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja. Watu hao wanakula kila siku, na mengi wanayokula hutoka upande wetu: nyanya, mayai, maziwa, vitunguu, nyama. Nao hutuletea mawese, vitenge na vinginevyo. Upande wa kusini kuna bonde la Bugarama, mahali pa joto palipo chini kuliko pengine pote katika Rwanda, penye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanzishwa mwaka 1984. Huko ndiko zinakokutana nchi tatu: yetu, Burundi na Kongo. Juu ya milima yako mashamba ya chai ya Shagasha, na chini yake kahawa. Kamembe pana uwanja wa ndege. Na ziwani wako wavuvi wa sambaza. Samaki hao si wa asili hapa. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio mboga ya maelfu ya watu pande zote mbili za maji.

Kwa mtu aliye Kigali, Cyangugu ni mkia. Kwa mtu aliye Bukavu, Cyangugu ni mlango. Mji ni ule ule, ila watazamaji wamesimama mahali mbalimbali.

Wala mpaka huu si wa tangu na tangu. Ni mwaka 1910 Wazungu walipokubaliana huko Ulaya kwamba ziwa na mto vigawanye nchi zao. Watu wa kisiwa cha Nkombo, ambao ni Wanyarwanda kama sisi, hata leo husema lugha moja na jamaa zao wa kisiwa cha Ijwi kilicho upande wa Kongo. Jambo lililounganishwa na desturi na biashara kwa miaka mingi halikatiki upesi kwa mstari wa ramani.

Hata serikali zetu zimelijua hilo zamani. Umeme wa kwanza wa mto Rusizi ulitengenezwa Mururu katika miaka ya mwisho ya 1950. Mwaka 1989 ikafunguliwa Rusizi ya Pili, nayo ni mali ya nchi tatu pamoja, Rwanda, Burundi na Kongo. Sasa uko mpango wa Rusizi ya Tatu wa megawati 206, ambao umejadiliwa miaka mingi. Fikirini jambo hili: nchi hizi zimegombana mara nyingi, zimefungiana mipaka, zimetukanana redioni, lakini mitambo ya mtoni imeendelea kuzunguka. Maji hayaulizi pasipoti.

Sasa naomba ruhusa niseme habari za nyumbani, kwa kuwa ndizo zilizonigeuza moyo kuliko ramani.

Mama yangu ni mchuuzi wa mpakani. Hununua nyanya Bugarama na mayai kwa wafugaji wa karibu, akavuka daraja asubuhi na kurudi kabla ya jua kutua. Karo ya shule hii, sabuni yangu, na daftari ninaloandikia makala haya, vyote vimepita juu ya daraja lile kichwani mwa mama. Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya Korona, nalikuwa na miaka kumi na minne. Nyanya zilioza ndani ya nyumba yetu mpaka tukawagawia majirani. Mama akalima vibarua, na sote tukala mara moja kwa siku.

Februari 2025 vita vilifika Bukavu. Tulisikia milio usiku ng'ambo ya mto. Mama alikuwa amemkopesha mayai mama mmoja wa soko la Kadutu, trei nyingi, maana ndiyo desturi yao: huyu atoa leo, yule alipa Jumamosi. Jumamosi ile hakuonekana mtu. Mabenki ya ng'ambo yalifungwa. Watu wakamwambia mama, "Hizo zimekwenda, mshukuru Mungu u mzima." Nami, nasema kwa aibu, nalikuwa mmoja wa waliosema hivyo. Baada ya wiki tatu yule mama wa Kadutu alivuka daraja kwa miguu, akauliza nyumba yetu mpaka akaipata. Alileta nusu ya deni, imefungwa katika kitambaa. Nusu ya pili analipa kidogo kidogo, na mpaka sasa haijaisha. Mama hakumwandikisha karatasi yoyote. Alimpikia ugali, wakala.

Wapenzi wasomaji, katika mjadala wangu nalitaja kilomita, tani na nauli. Sikutaja imani iliyopo kati ya wanawake hawa wawili. Nayo pia ni mali ya nchi. Hakuna mkoa mwingine wa Rwanda wenye akiba kama hiyo kwa soko la Bukavu, na haikujengwa kwa mkopo wa benki.

Lakini nisije nikawadanganya tena kwa kuwapambia. Baada ya mambo hayo nilianza kumwandikia mama hesabu katika daftari, jambo ambalo hajapata kulifanya. Tuliandika siku sitini. Tulipojumlisha tuliona kwamba karibu siku moja katika kila siku tatu alirudi bila faida, naye hakujua. Alidhani anapata faida kila siku kwa sababu kila siku alirudi na fedha mkononi. Nyanya zilizopondeka, nauli ya pikipiki, na bei aliyopunguza jioni ili asirudi na mzigo, vyote vilikula faida kimya kimya. Tuligundua pia kwamba mayai yalimlipa kuliko nyanya, ila hakuwa na mtaji wa kununua mayai mengi. Sasa hubeba mayai siku nne na nyanya siku mbili. Hatujawa matajiri. Ila karo ya muhula huu ililipwa kabla ya kufukuzwa, na hiyo ni mara ya kwanza.

Hapo ndipo nilipojua kwamba umaskini wetu hautoki katika udogo wa nchi peke yake. Nusu yake yatoka katika daftari lisiloandikwa.

Mwenzangu mmoja, ambaye alikuwa upande wangu katika mjadala, amesoma maneno haya kabla ya kuyapeleka kwa Mhariri, naye amenipinga hivi: "Mlango wako una funguo mikononi mwa watu wengine. Leo wafunguliwa, kesho wafungwa. Burundi ilifunga mipaka yake nasi Januari 2024. Je, waweza kujenga maisha juu ya mlango usio wako?" Ni swali zuri, na silijibu kwa kelele. Ni kweli kwamba mwanafunzi hawezi kufungua mpaka, wala mama yangu hawezi. Lakini mwenye nyumba ya mlango mmoja hutoboa wa pili. Sisi tuna daraja, tuna ziwa lifikalo Karongi na Rubavu, tuna barabara ya Nyungwe, tuna uwanja wa Kamembe. Serikali imeshughulika kujenga gati mpya za ziwani, Rubavu na hapa Rusizi. Siku daraja likifungwa, nyanya yahitaji chumba cha baridi ili ingoje, au kiwanda kidogo cha kuisaga, au mashua ya kuipeleka Karongi. Siku hizi haina hata kimoja karibu na nyumbani, basi yaoza. Mfungaji wa mpaka ana lawama yake, nasi tusiotengeneza pa kuhifadhi tuna yetu.

Tena tutazame nchi za mbali. Uswisi ni nchi ndogo, haina bahari, imejaa milima mirefu kuliko yetu. Mji wake wa Basel umekaa pembeni kabisa, mahali panapokutana Uswisi, Ufaransa na Ujerumani, kama vile Rusizi inavyokaa kati ya nchi tatu. Watu wa Basel hawakusema, "Sisi tu mwisho wa nchi." Walijenga bandari juu ya mto Rhine, na shehena hushuka mto mpaka bahari ya Kaskazini. Kila siku maelfu ya watu wa Ufaransa na Ujerumani huvuka mpaka kwenda kufanya kazi humo. Najua mtaniambia kwamba huko hakuna vita. Kweli. Lakini nchi hizo mbili jirani zao zilipigana vita vikubwa mara mbili katika karne iliyopita, na mji ule ulikuwapo katikati yake. Amani ilipokuja iliwakuta wamejiandaa. Sisi nasi amani itatukutaje?

Basi nasema nini kwa wanafunzi wenzangu? Nasema tuache desturi ya kuhesabu siku za kwenda Kigali. Katika darasa letu la mwisho karibu kila mtu, ukimwuliza atafanya nini baada ya mtihani, atajibu, "Nitakwenda Kigali," kana kwamba Kigali ni kazi. Kaka yangu mkubwa alikwenda. Ni mlinzi wa usiku, na mara mbili ni mama aliyempelekea fedha za chumba. Simcheki, ni mtu wa bidii kuliko mimi. Nasema tu kwamba alipanda basi saa sita kuikimbia nyumba ambayo ndiyo iliyomlisha.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. La kwanza, kila mwanafunzi ambaye mzazi wake ni mchuuzi, mvuvi au mkulima, na amwandikie hesabu wakati wa likizo, siku thelathini tu. Tulifundishwa hesabu za biashara ili tupite mtihani. Nyumbani zina faida ya pili. La pili, tukisome Kiswahili kwa moyo. Wengine hukidharau wakisema ni lugha ya sokoni. Ndiyo, ni lugha ya sokoni, na sokoni ndiko karo zetu zinakotoka. Tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi yetu, Rwanda imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo imeingia 2022. Kiswahili hicho hicho chafika Kadutu, Bujumbura, Kigoma na Dar es Salaam.

La tatu nawaelekezea ninyi wazee wetu, mliosoma katika madawati haya haya. Wengi wenu mko Kigali na ng'ambo. Twawaona siku ya sherehe ya shule mkija na motokaa nzuri, mkatoa zawadi za mpira na jezi. Twashukuru sana. Lakini miongoni mwenu wako mahasibu, wanasheria, mainjinia na wenye malori. Njoni Jumamosi moja katika kila muhula, mketi na mama zetu katika ukumbi ule ule wa chakula, mwafundishe kuandika faida na hasara, na haki zao wanapovuka mpaka. Na kama watano au sita kati yenu wakiunga fedha kujenga chumba kimoja cha baridi karibu na Kamembe, kwa kodi ya haki, watapata faida yao, na nyanya hazitaoza tena ndani ya nyumba za watoto wa shule hii. Sadaka hatuombi. Tunawaonyesha biashara.

Mimi mwenyewe nimekwisha amua. Nikifaulu mtihani nitaomba kusoma uhasibu, na nikimaliza nitarudi hapa. Kaka yangu amenicheka. Mama hakucheka wala hakufurahi, alisema tu, "Kwanza ufaulu." Basi nipo hapa nasoma.

Ziwa letu lilizibiwa njia kaskazini, likangoja, likapanda, likafungua nyingine hapa tulipo. Wanafunzi wenzangu, mjadala ule urudiwe muhula ujao. Nitasimama upande wa pili, na safari hii mnipigie kura mkiwa mmekwisha hesabu wenyewe. Shime!